Tusiwapulizie dawa buibui wa nyumbani

Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee buibui. Barua iliyotoka hapa wiki jana ilitushauri tupulize dawa kila kona tuonapo utando. Mimi ni mama wa watoto watatu, na kwa miaka mingi nilifanya hivyohivyo, kwa dawa, kwa ufagio, hata kwa kandambili.

Kilichonibadilisha ni buibui mmoja wa miguu mirefu, myembamba kama uzi, nyuma ya mlango wa bafu. Nilipoinua ufagio alianza kujitikisa kwenye utando kwa kasi mpaka nikawa simwoni vizuri. Alipotulia nikasogea. Mdomoni alishika kifurushi cha mayai, vipunje vyeupe vilivyofungwa kwa nyuzi chache tu, ungeweza kuvihesabu. Nikashusha ufagio. Siku zote zilizofuata hakukiachia. Watoto walipoanguliwa wakabaki wameng'ang'ania hapohapo siku kadhaa, kisha wakatawanyika. Sakafuni chini yake palikuwa na mabawa ya mbu. Uchafu ule nilikuwa nikiufagia kila asubuhi bila kujiuliza umetoka wapi.

Dawa haichagui. Inaua mbu na inamuua anayemla mbu, na mbu wapya wakiingia dirishani usiku hawamkuti wa kuwanasa. Nasi tunalala humo tukiivuta.

Yupo pia yule mdogo mwenye manyoya, anayerukaruka ukutani. Huyu hategi utando, huwinda kwa macho, na ukimkaribia hugeuka akakutazama kwa yale mawili makubwa ya mbele. Mwanangu wa mwisho alikuwa akimwona anapiga mayowe. Siku hizi ananiita twende tukamwangalie.

Sisemi ni wa kuchezewa. Karibu wote wana sumu, ingawa ya walio wengi haitudhuru sisi binadamu. Wa hatari wapo, kama mjane mweusi, ambaye hupenda kujificha kwenye marundo ya kuni na vitu visivyoguswa muda mrefu. Huko vaeni glavu, na viatu vilivyolala nje vikung'uteni. Mtu akiumwa, maumivu yakaanza kuenea mwilini, akimbizwe hospitali.

Buibui akiingia chumba cha watoto, mimi humfunika kwa glasi, nikapitisha karatasi ngumu chini taratibu asikatike mguu, nikamtoa hadi kwenye maua. Yule wa bafuni sijamgusa. Juzi nimemwona ameshika kifurushi kingine.

Msomaji wako wa siku nyingi