Chuo chetu si cha matapeli

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu enzi lilipokuwa likifika Lamu siku ya pili, limefungwa kamba juu ya magunia ya vitunguu, na sijawahi kukuandikia hata mstari. Mengi yamenikera humo nikanyamaza. Lakini ile habari yenu kuhusu vyuo vya ufundi vinavyofundisha kozi zisizoidhinishwa na serikali imenitoa barazani nilipokuwa nimekaa zangu. Chuo chetu kimo katika orodha mliyoichapisha. Kimebanwa katikati ya kile cha ghorofani kinachouza vyeti vya uuguzi kwa masomo ya wikendi, na kile kingine ambacho mwandishi wenu alipokwenda kukitafuta alikuta duka la simu. Halafu juu yake mkaweka kichwa cha habari kinachozungumzia wizi.

Mimi ni mwalimu mstaafu, na ni mjumbe wa bodi ya chuo hicho cha kijiji, kinachofundisha kuunda vyombo vya baharini hapa Lamu. Idhini siipingi. Matapeli wapo, tena wengi. Binti wa jirani yangu alilipa karo ya mapishi katika chuo kimoja cha mjini, akamaliza, akaenda kuomba kazi hotelini, cheti kikarudishwa kwa kidole kimoja kama uchafu. Mama yake alikuwa ameuza mikufu. Ndiyo maana Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi ya mwaka 2013 ilitungwa, ikaundwa mamlaka ya TVETA ya kusajili vyuo, kuidhinisha kozi na kuwapa leseni wakufunzi. Sawa kabisa. Ninachouliza ni mtu anaangalia nini anapokuja kuidhinisha.

Wakaguzi walitujia wawili, maji yamejaa, wakashuka jetini na mabegi ya kompyuta mgongoni. Tukawapokea kwa mahamri na chai ya tangawizi kama ipasavyo. Aliyeshika fomu alikuwa kijana mwenye adabu zake, sina neno naye. Akauliza kiko wapi kibao cha kuonyesha mahali pa kukusanyika moto ukizuka. Hatuna. Banda letu lina mlango upande mmoja na bahari upande wa pili, hata mtoto wa chekechea anajua akimbilie wapi. Akaandika. Akauliza choo cha walemavu. Hapo alikuwa na haki, hatuna, na ni aibu yetu. Akaandika. Akauliza msumeno wa umeme wa mezani na mashine ya kuranda mbao. Tukamwambia umeme umefika lakini mashine hazijafika. Akaandika. Kisha akafika kwenye safu ya vifaa vya mafunzo kwa vitendo. Sasa nisikilize vizuri, Mhariri. Ubavuni mwake palikuwa na dau zima lililokwisha kuvishwa mbao. Wanafunzi walikuwa wanalikalafati, yaani wanaziba nafasi za mbao, pamba zimewajaa mikononi, na harufu ya sifa, yale mafuta ya papa, inakukaba tangu mlangoni. Ukutani zilitundikwa tezo, keekee, patasi na misumeno ya kila saizi. Meza hatukuwa nayo, kwa hiyo kijana akailaza fomu yake juu ya ubao wa dau lile lile, akaegemeza kiwiko, akaandika: Hakuna.

Maana fomu ilikuwa na orodha yake, na dau halikuwamo katika orodha.

Ikafika zamu ya mkufunzi. Fundi wetu ni mzee ambaye baba yake alikuwa fundi na babu yake vilevile. Jina simtaji kwa kuwa hajanipa ruhusa. Vyombo alivyounda vinavua kutoka Kiunga hadi Kipini. Kijana akamwuliza kwa heshima, "Mzee, cheti chako kiko wapi?" Mzee akamjibu, "Kiko Kizingitini, mwanangu. Kimekwenda kuvua." Wanafunzi wakaangua kicheko, na kijana naye akacheka kwa moyo mkunjufu. Kisha akainama akaandika: Hana.

Ripoti ilipotufikia ilikuwa na kurasa nyingi na salamu nzuri. Kozi ya kuunda vyombo isimamishwe. Tukitaka, tuombe idhini ya useremala wa samani, mradi tupate mashine na mkufunzi mwenye stashahada. Mkufunzi mwenye stashahada tukaletewa, kijana wa bara, mpole, mchapakazi. Anawachorea wanafunzi meza ubaoni, kisha mbao zikipatikana wanaiunda meza. Yeye mwenyewe saa ya mapumziko utamkuta bandani, amechuchumaa mbele ya mzee, anajifunza kushika tezo. Mkufunzi aliyesajiliwa anafundishwa na asiyesajiliwa, na karatasini yule wa kwanza ndiye mwalimu. Unajua mzee tumemwandika nani katika daftari la malipo? Mlinzi. Ndiyo njia tuliyoipata ya kumpa posho bila mtu wa hesabu kutuuliza kwa nini tunamlipa mkufunzi asiye na leseni. Fundi wa majahazi, Lamu hii hii ambayo mwaka 2001 UNESCO iliuweka mji wake mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia, analipwa kwa kulinda banda analofundishia! Milango ya nakshi mnayoipiga picha kila Maulidi mkaichapisha kwa rangi, mnadhani aliyeichonga alikaguliwa na nani? Wageni huipapasa mifaa yake, ile miti ya katikati ya mlango, wakiuliza ni ya miaka mingapi, hakuna anayeuliza fundi alikuwa daraja la ngapi. Na bado, Mhariri, gazeti lako limemweka mzee huyu ukurasa mmoja na wauza vyeti, bila hata kumpigia simu.

Nimeambiwa, na wengine wenu mtaniambia tena, kwamba upo mpango wa kutambua ujuzi mtu alioupata kazini bila kupitia darasani. Naujua. Nilimjazia mzee fomu kwa mkono wangu. Nikauliza, je, ni nani atakayekuja kumtathmini? Nikajibiwa kwamba atatafutwa mtathmini wa useremala. Yaani mtu wa makabati aje ampime mtu wa majahazi, amwulize anatumia gundi gani. Mzee akaniambia niache, asije akamvunjia heshima mtoto wa watu.

Tena hebu mtueleze sisi wasomaji chuo cha kijiji ni cha nani. Katiba ya 2010, katika Jedwali lake la Nne, ilizipa serikali za kaunti polytechniki za vijiji pamoja na chekechea. Kwa hiyo banda ni la kaunti, mshahara ni wa kaunti, choo kisichokuwapo ni cha kaunti. Lakini muhuri wa kusema kozi hii ifundishwe na ile isifundishwe uko Nairobi. Mtihani nao una wenyewe. Kuna wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, wa kupima ufundi kwa madaraja, wa tatu, wa pili na wa kwanza. Kuna wa mtaala wa umahiri unaosimamiwa na CDACC, baraza la mitaala na tathmini ya ufundi. Na juu ya wote kuna KNQA, iliyoundwa kwa sheria ya 2014 kupanga ngazi za vyeti vyote nchini. Mimi niliyefundisha maisha yangu yote nazichanganya. Mzazi wa Faza anayeuza pweza ili mwanawe asome atazijulia wapi? Yeye anachojua ni kwamba mtoto amejifunza kazi na kazi anaiweza, kisha siku moja anasoma gazetini kwamba ameibiwa.

Na kwa kuwa nimeshaanza kusema, niseme na la shule.

Mfumo wa 8-4-4, wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, ulipoanza 1985, tuliambiwa watoto watoke na ujuzi mikononi. Wazazi wakachangishwa. Waliokuwa na minazi wakauza nazi, waliokuwa na mbuzi wakauza mbuzi, na katika shule niliyokuwa nikifundisha tukasimamisha karakana ya mawe ya matumbawe na boriti, meza za kazi zimefungwa majiliwa ya kubania mbao, mapya yanayong'aa. Watoto walitengeneza mbuzi za kukunia nazi ambazo naziona mpaka leo katika majiko ya watu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya namna hiyo yakaondolewa kwenye mtihani wa darasa la nane. Nawe unajua, Kenya kisichotahiniwa hakifundishwi. Majiliwa yakala kutu, karakana ikawa ghala la mahindi na viti vilivyovunjika, na mwisho paa likaingia ndani. Hakuna aliyekuja kukagua hilo. Sasa Januari 2026 watoto wa kwanza wa mtaala mpya wameingia Gredi ya 10, wamepewa njia tatu, na katika ile ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati yamo masomo ya mbao, chuma na umeme. Shule zinaulizwa: karakana iko wapi? Ilikuwapo, bwana. Ilijengwa kwa nazi za watu. Mliipitia pembeni kwa miaka zaidi ya ishirini mkienda kuhesabu madaftari.

Gati la kwanza la bandari yetu mpya lilifunguliwa Mei 2021, na tangu hapo hotuba zote ni moja: vijana wa Lamu, someni, kazi zinakuja. Wamesoma. Mwanafunzi wetu mmoja alikwenda upande wa bara kwa mkandarasi aliyekuwa anatafuta maseremala wa kutengeneza fremu za kumwagia zege. Akapewa mbao ajaribu, akaziunga, wakasifu kazi. Wakauliza cheti, akakitoa, wakamwambia chuo chako hakimo kwenye orodha. Akapewa kazi ya kubeba zile fremu. Kwa nusu ya malipo, naongeza, maana najua mtauliza.

Nina pendekezo, nalo ni jepesi kutekeleza. Ofisa yeyote atakayekuja kutukagua, akifika jeti ya Mokowe, kabla hajatia mguu katika mashua ya kumvusha, adai kwanza cheti cha aliyeiunda. Amwulize nahodha kozi iliidhinishwa lini na mkufunzi alikuwa na leseni namba gani. Zipo boti za faiba siku hizi, lakini zikipasuka wanaoziziba ni wale wale. Asipoonyeshwa cheti, asipande. Sheria ni sheria. Akae pale kivulini na begi lake, sisi tutamtumia chai.

Kama hilo linaonekana ni utovu wa adabu, basi waje siku ya kushua chombo. Tutawaambia tarehe mapema. Wapakie mawe au saruji mpaka wao wenyewe waseme basi, waondoke nacho na wanafunzi waliokiunda, wazunguke hadi Manda na kurudi, katikati ya kusi, si wakati bahari imelala. Wakirudi wakakuta ndani maji yanayozidi kata moja ya kuchotea, wafunge chuo jioni hiyo hiyo na kufuli mimi nitanunua. Wakikuta pakavu, waandike hivyo mahali walipoandika "Hakuna", na mzee apewe leseni palepale ufukweni, bila kupelekwa Mombasa kuulizwa habari za gundi. Choo cha walemavu watudai, tena watudai kwa nguvu, labda wakidai wao kitajengwa.

Ama kwa upande wako, Mhariri, sitaki kuombwa radhi. Mtume mwandishi aje aone, nauli ya punda sisi tutalipa. Nakala ya ile fomu ninayo, na majibu yake yote kwa mwandiko wa mkaguzi. Aje kabla ya Ramadhani, asubuhi, kwa sababu adhuhuri banda huwa jiko. Akifika asiulize mwalimu yuko wapi, hatajibiwa vizuri. Aulize mlinzi.

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu