Barua kwa mwanangu: Konpira tuipe siku nzima

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sote wazima, na viza yangu ya Japani imetoka. Mama yako ameshaanza kunitafutia makoti.

Ratiba uliyonitumia nimeisoma. Kotohira, mji wa hekalu la Konpira, umeipa asubuhi moja tu, kisha mchana turudi mjini Okayama tukatembee bustanini. Mwanangu, bustani iache. Mimi safari hii naifunga kwa ajili ya mlima ule.

Nilipokuwa melini nilikuwa na mwenzangu Mjapani aliyetundika hirizi ya Konpira juu ya kitanda chake. Yeye ndiye aliyenieleza kuwa hekalu lile la Mlima Zozu, huko kisiwani Shikoku, ndilo watu wa bahari wa kwao wanaloliombea salama. Akanipa na habari ya mapipa. Meli iliyokuwa ikipita bila nafasi ya kutia nanga ilitia sadaka ndani ya pipa dogo, ikasimamisha bendera ya Konpira, ikalikabidhi kwa mawimbi. Mvuvi aliyeliokota hakugusa kilichomo. Alilipeleka hekaluni kwa niaba ya watu asiowajua, akaamini na yeye kapata baraka. Nimekaa baharini miezi bila kuona nchi kavu, na habari hiyo haijanitoka moyoni hadi leo. Wajapani wa bara nao, enzi za Edo (1603 hadi 1868), asiyeweza kusafiri aliweza kumtuma mbwa wake na kifuko cha pesa shingoni, wasafiri wakimlisha na kumpokezana njiani.

Basi tupange hivi. Twende Novemba, majani yakiwa mekundu na jua halichomi. Tarehe 9 hadi 11 Oktoba ni sikukuu yao kubwa, na magoti yangu hayawezi kusukumana na umati. Treni ya haraka kutoka Okayama ni kama saa moja, nayo inapita juu ya bahari kwenye Daraja Kuu la Seto, lile lililofunguliwa 1988. Nitafutie kiti cha dirishani, nitazame meli zikipita chini yetu.

Hadi hekalu kuu ni ngazi 785. Usiogope, chini kule madukani wanaazima fimbo. Tutapumzika kwenye lango kubwa, ngazi ya 365; ndani yake wapo wauza peremende watano chini ya miavuli mikubwa myeupe, haki waliyoirithi tangu zamani. Mbele zaidi kuna jengo la Asahi-sha, zuri kiasi kwamba wengine hudhani ndilo hekalu lenyewe. Hapo usinigeuze, tuendelee. Hekalu la ndani kabisa liko ngazi ya 1,368. Hilo tutaliamua tukishafika juu.

Wenyewe huinama mara mbili, hupiga makofi mara mbili, kisha huinama tena. Sisi tutasimama kando kwa adabu ya mgeni. Ninapotaka kukaa hasa ni ule ukumbi wa picha za meli, zilizoletwa na waliotaka ulinzi baharini. Hapo usinihimize hata kidogo, nataka kuzitazama moja moja.

Tukishuka utanilisha udon, tambi zao nene za ngano, sifa ya mkoa ule. Uwaulize kwanza mchuzi una nini. Tiketi kata ya kwenda peke yake. Ya kurudi tutaikata tukishashuka.

Baba yako