Nta ya nyuki kwenye glasi: anayeanza asiimimine tupu

Ndugu Mhariri,

Kuna ushauri unaozunguka kwamba anayejifunza kutengeneza mishumaa ya glasi nyumbani aagize nta ya soya. Si ushauri mbaya. Soya huyeyuka kwenye nyuzijoto 46 hadi 52 hivi, ni laini, hushika glasi vizuri na humvumilia mgeni wa kazi. Ila kwa mtu wa Tabora ni kuagiza kwa mbali kitu cha kujifunzia, ilhali nta ya nyuki inatoka Sikonge, Kaliua na Uyui. Tunaomba nafasi tueleze namna ya kuitumia, maana wengi huimimina tupu, ikawashinda, wakailaumu.

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Kwa mshumaa unaosimama wenyewe huo ni ugumu mzuri. Kwenye glasi ni taabu. Ikipoa husinyaa, hujibandua ukutani na kupasuka juu. Ukiwasha, mwali huchimba shimo katikati na nta ya pembeni hubaki ilivyo mpaka utambi uzame. Dawa yake ni kuilainisha kwa mafuta ya nazi: sehemu tatu za nta kwa sehemu moja ya mafuta, kwa uzito. Usizidishe, kwa sababu mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 tu, na joto la Oktoba hapa litafanya mshumaa utoke jasho la mafuta juu.

Glasi tatu, kila moja ikijazwa kiasi cha mililita 200, zinahitaji gramu 430 za nta na 140 za mafuta. Tumia mizani ya jikoni. Vikombe hudanganya kwa sababu mapande ya nta huacha nafasi katikati yake.

Yeyusha kwenye chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji, kamwe si juu ya moto moja kwa moja. Tabora iko juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na maji yetu huchemka karibu na nyuzi 96, kwa hiyo nta haiwezi kupita hapo maji yakiwepo. Hata hivyo iondoe ikifika 80, maana joto likizidi 85 kwa muda rangi huanza kufifia na kuwa ya udongo. Mimina ikiwa 70 hadi 75, kwenye glasi iliyopashwa moto kidogo, kisha uzifunike glasi kwa boksi zipoe taratibu. Nyufa nyingi ni za haraka ya kupoza. Nta ikishika moto, funika kwa mfuniko. Maji yataurusha moto huo usoni.

Nta ya masega isiyosafishwa ni chanzo kingine cha lawama. Mabaki ya asali na gundi ya nyuki huziba utambi, mwali ukatatarika na kufa. Chemsha nta na maji ya mvua, chuja kwa kitambaa cha pamba, acha igande usiku kucha, kisha kwangua uchafu ulioganda chini ya pande. Rudia mpaka chini pabaki safi. Sufuria ya chuma cha kawaida huitia weusi. Ya alumini au ya chuma kisichoshika kutu inafaa.

Wapo wanaoyeyusha mishumaa ya dukani. Hiyo ni nta ya parafini (tusiichanganye na mafuta ya taa) na kwa kawaida ni ngumu, ya kusimama yenyewe. Kwenye glasi huacha bonde kuzunguka utambi, na lazima ubakize kidogo cha kumimina mara ya pili. Ndugu zetu wa Kigoma nao huuliza kuhusu mawese. Mawese mabichi ni mafuta. Hulainika kwenye nyuzi 35 hivi, basi mchana wa jua glasi inageuka bakuli la mchuzi. Nta ya mawese inayouzwa imepita kiwandani kwanza.

Utambi ndio unaoamua, na nta ya nyuki hutaka mnene kuliko soya. Ndiyo maana tunasema glasi tatu: weka tambi za pamba iliyosukwa za unene tofauti, ziache siku mbili, kata kila moja ibaki milimita 5, uwashe kwa saa tatu. Dimbwi la nta iliyoyeyuka likikaribia ukuta wa glasi bila kuzidi kina cha sentimita moja, umeupata. Moshi, masizi na kichwa cha uyoga juu ya utambi ni dalili ya unene kupita kiasi.

Manukato, ngojea kwanza. Ya kujipulizia yana spiriti na hulipuka mwali. Rangi ya chakula ya maji haichanganyiki na nta, huziba utambi tu. Na mshumaa wowote wa glasi uzimwe nta ikibaki sentimita moja chini, la sivyo glasi itapasuka mezani.

Watengeneza mishumaa,
Tabora Mjini