Tuktuk ikiwa yadi, deni litalipwa na nini?

Mhariri,

Tuktuk yangu nlonyang'anywa kwa deni la mkopo imerudi wiki mbili sasa lakini jambo lenyewe bado halijanitoka rohoni, ndo maana naandika.

Nliichukua kwa mkopo mwaka jana, 4,500 kila wiki, na nlikuwa nalipa vizuri tu mpaka mvua za Mei, maji yakaingia kwenye injini ikalala kwa fundi, nikarusha wiki tatu. Hiyo ni 13,500, sikatai, nadaiwa. Lakini nlipiga simu ofisini mwenyewe nikawaambia nina 5,000 mkononi niwatumie, yule kijana akanambia lete yote ama usilete. Sasa pesa nusu ina ubaya gani jamani?

Asubuhi moja niko Mwembe Tayari nimembeba mama muuza mbaazi na ndoo zake mbili, injini ikazimika yenyewe katikati ya barabara, kumbe wakopeshaji wameizima kwa mbali kwa treka waloifunga ndani, na kabla sijashuka vijana watatu washafika. Wakatoa ndoo za mama wa watu wakazibwaga pale kando, tui likamwagika, yeye akavua leso yake moja akazifunika, alafu akanipa mia yangu ya nauli ingawa sikumfikisha. Hata asante ilinikwama.

Tuktuk ikapelekwa yadi Changamwe. Siku tisa nkihangaika na ndugu na chama cha mke wangu, na kila siku yadi ni 500, dalali walomtuma kuikamata naye anataka 10,000 yake, kwa hivo 13,500 ikawa 28,000, na siku zote hizo mimi sijaingiza hata shilingi. Hapo ndo nataka wakopeshaji wanijibu kupitia gazeti hili, chombo mmekifungia yadi, hilo deni mwataka nilipe na nini?

Baadaye nkaambiwa sheria za madalali za 1997 zinataka mwenye mali apewe notisi ya maandishi, siku zisizopungua saba aikomboe kabla haijabebwa. Mimi karatasi ya kwanza kuiona ilikuwa ya yadi! Kuna bodi inayowapa madalali leseni na malalamiko yapelekwa huko, yangu nshaandika.

Na nyinyi madereva wenzangu, tabia yetu naijua, ukichelewa wazima simu walaza tuktuk kwa shemeji Mtwapa. Msifanye hivo, gharama za kukutafuta zitarudi kwako. Nenda ofisini kwa miguu yako uombe stetimenti, deni la nyuma mbali, penolti mbali, ya dalali mbali. Mimi kwa simu waliniambia 18,000, stetimenti ilipotoka nikaona kuna wiki nlolipa na haikuingizwa, nikawaonyesha meseji ya M-Pesa wakaitoa. Kwa hivo meseji msifute, na dalali asipewe pesa mkononi, tuma kwa akaunti ya mkopeshaji. Mkikubaliana ulipe kidogo kidogo iandikwe na ipigwe muhuri, maana alokukubalia kwa simu leo kesho hayuko zamu.

Wakopeshaji nao, mtu akiwapigia mwenyewe kabla hamjamtafuta na ana 5,000, tafadhalini ipokeeni.

Dereva wa tuktuk,
Bombolulu, Mombasa