Shoga yangu Rukia

Tanga, 7 Agosti 2025

Shoga yangu Rukia,

Salaam nyingi. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, anauliza mtoto ameshaanza shule?

Uliposema maneno ya wale kina mama wa Kikongo unaowatafsiria hospitalini yanakufuata mpaka kitandani, nilimkumbuka Keiko Ogura, manusura wa bomu la atomiki la Hiroshima, Japani. Jana ilikuwa tarehe 6 Agosti, miaka 80 tangu bomu lile, basi kutwa nzima nimekuwa naye moyoni.

Asubuhi ile ya 1945 alikuwa mtoto wa miaka minane. Baba yake aliingiwa na wasiwasi tu, akamkataza kwenda shule. Bomu likamkuta barabarani karibu na kwao, kilomita 2.4 kutoka pale lilipolipukia. Baadaye watu walioungua wakaanza kumiminika mtaani kwao. Mmoja akamshika mguu, akaomba maji. Mtoto wa watu akakimbilia kisimani akawaletea. Wakanywa, na wengine wakafa palepale mbele yake. Halafu akamsikia baba yake akionya kwamba walioungua wasipewe maji. Rukia, siri hiyo aliibeba miaka na miaka, akiamini yeye ndiye aliyewaua, na usiku ndoto mbaya zikimwandama.

Mumewe, Kaoru, aliyewahi kuongoza makumbusho ya amani ya Hiroshima, alifariki 1979. Mwandishi Robert Jungk, aliyekuwa akiufahamu mji huo, ndiye aliyemhimiza mjane huyu awe mkalimani. Akaanza. Mwaka 1984 akaunda kikundi cha Wakalimani wa Hiroshima kwa ajili ya Amani, watu wa kujitolea wanaowatembeza wageni kwenye bustani ya kumbukumbu na kuwatafsiria manusura kwa Kiingereza. Manusura wengi walikuwa wamejifungia kimya, maana kujulikana kuwa manusura kulimharibia mtu hata posa.

Ninachokipenda kwake ni hiki: alitafsiri machozi ya wenzake huku ya kwake akiyameza. Baadaye sana ndipo aliposimama kusimulia habari ya kile kisima, tena kwa Kiingereza, bila mtu wa kumsemea. Nimeusikiliza ushuhuda wake uliorekodiwa. Anaongea taratibu, hapambi kitu. Mei 2023, akiwa na miaka 85, aliwasimulia viongozi wa G7, lile kundi la mataifa saba tajiri, mle makumbushoni.

Kwa hiyo usiniambie tena kwamba unachofanya ni "kusaidia kidogo tu". Mgonjwa aliyeeleweka na daktari wake amesaidiwa sana. Lakini na wewe tafuta mtu wa kumwambia uliyoyasikia, si lazima majina, uzito wake tu. Mimi nipo. Nipigie Jumapili jioni, nitakuwa nimemaliza kupika, tuongee mpaka salio liishe.

Mbusu mwanangu.

Wako,
Zawadi