Wapunguzieni maneno hao waongozi

Mhariri,

Huwa siandiki barua za namna hii. Makala yenu kuhusu ile katuni ya kijana na waongozi wake watatu wa ndani ndiyo iliyonitoa kimya. Mnaikumbuka bila shaka: ilikisifu kitabu kwa kuwajengea vijana dhamiri, kisha katika aya ya mwisho ikashauri kwamba toleo lijalo waongozi hao waongezewe maneno ili funzo lisimpite msomaji.

Waongezewe! Mwandishi wenu aliuhesabu ukurasa wa 14, ule ambao kijana ameshika karatasi ya mtihani isiyo yake na hajaamua kama airudishe, kabla ya kuandika hayo? Hebu uhesabuni sasa. Fremu tano za picha, viputo 11 vya maneno, jumla maneno 268. Kati ya waongozi, Mwenye Taa ana 97, Mwenye Mizani ana 104, Mnong'ono ana 61, na kijana mwenyewe, ambaye dhamiri inayogombaniwa ni yake, ameachiwa sita: "Sijui nifanye nini. Niacheni, tafadhali niacheni." Ndiyo maneno ya maana kuliko yote katika ukurasa ule, na yamesukumwa chini kabisa, yamebanwa kati ya kiwiko cha kijana na ukingo wa karatasi.

Wahariri wa zamani wa katuni za Marekani walikuwa na kipimo chao: maneno 35 kwa fremu, 210 kwa ukurasa wa fremu sita. Kipimo hicho si msahafu, na wapo mahodari wanaokivuka bila kumchosha mtu. Lakini kimetokana na hesabu ya nafasi, si na ubahili. Herufi za katuni iliyochapwa huwa za pointi saba hadi tisa hivi. Ukizidisha maneno, una njia mbili tu: kukuza kiputo hadi kimle mhusika, au kudogosha herufi. Huyu aliyeweka herufi za ukurasa wa 14 alilazimika kufanya yote mawili. Na wasomaji wanaosoma kwenye simu je? Ukurasa wenye upana wa sentimita 17 ukiubana kwenye kioo cha sentimita 7, herufi ya pointi 8 inashuka hadi pointi 3 na kidogo. Hapo funzo halijampita msomaji kwa uchache wa maneno. Limempita kwa sababu halionekani.

Tuseme nafasi ipo, karatasi ni kubwa kama mkeka. Bado ushauri wenu ni mbovu, kwa sababu sauti ya ndani haizungumzi hivyo. Mwanasaikolojia Lev Vygotsky alilieleza jambo hili mwaka 1934. Mtoto huanza kwa kusema na wenzake, baadaye anajisemesha kwa sauti akiwa peke yake, mwishowe maneno yanazama ndani. Yakishazama yanafupika sana, kwa kuwa mtu anajua tayari anachojisemea; hana haja ya kujitajia nani, wapi na lini. Sauti ya ndani ya kijana wa miaka 15 aliyeshika karatasi ya mtihani isiyo yake husema "Rudisha." Basi. Haisemi "Ewe kijana, kumbuka kwamba kitu ulichokishika mkononi mwako kiliandaliwa kwa ajili ya kupima juhudi za kila mmoja wenu." Hiyo ni sauti ya mgeni rasmi. Socrates naye, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kwa simulizi ya mwanafunzi wake Plato, alidai tangu utotoni alikuwa na sauti iliyomjia, na kila ilipomjia ilikuwa ya kumzuia asifanye alilotaka kufanya. Haikumsukuma mbele hata siku moja. Mwongozi anayezuia tu na kumwachia mtu atafute njia mwenyewe, huyo angefaa kuchorwa. Hawa watatu wanazuia, wanasukuma, wanaeleza sababu, wanafupisha walichoeleza, halafu wanauliza kama kijana ameelewa.

Na tazameni wanachosema, si wingi wake tu. Mwenye Mizani, ambaye makala yenu ilimwita hekima, hoja zake zote kwenye ukurasa ule ni moja iliyovalishwa kanzu tano: watu watakuonaje. Mwalimu atakuonaje, mama yako atakuonaje, wenzako watasemaje. Hiyo ni aibu. Dhamiri ni ile inayobaki mlango ukifungwa na pasiwe na mtu wa kukuona. Mwanasaikolojia David Elkind aliandika mwaka 1967 kwamba kijana wa umri huu hutembea na hadhira ya kubuni kichwani, anadhani kila jicho linamtazama yeye. Hadhira hiyo anayo tayari, tena inamtesa. Katuni imeichukua, ikaipa ndevu na mizani, ikaiita mwongozi. Mwandishi wenu akaongezea sifa. Upande wa pili yuko Mnong'ono, ambaye amechorwa na meno ya mamba na makucha ili hata mtoto wa miaka minne ajue ni mbaya. Nani atashawishiwa na kitu chenye meno ya mamba? Kishawishi huja kikiwa na akili, kina adabu, kinatoa hoja unayoshindwa kuijibu papo hapo: "Wenzako wote wameshaiona. Ukiirudisha, utakuwa umewatendea haki wao, au umejionea wewe?" Ingeandikwa hivyo, kijana angekuwa na kazi ya kufanya. Lawrence Kohlberg, mwanasaikolojia aliyechunguza maadili, alipowahoji wavulana wa Chicago kwa utafiti wake wa mwaka 1958, hakupima kama walijibu ndiyo au hapana. Alisikiliza sababu waliyoitoa. Msomaji wa katuni naye anangoja sababu ya kijana. Ukurasa wa 14 unatupa sababu za watu watatu wasiokuwepo, na za aliyepo hakuna.

Mtanijibu kwamba hii ni fantasia, mambo yote yanawezekana. Hapana. Fantasia ndiyo inayodai sheria kali kuliko hadithi yoyote, kwa sababu msomaji hana pengine pa kushikilia. Nani anawaona waongozi? Wanaweza kugusa vitu? Wakishindwa, wanapoteza nini? Ukurasa wa 9 unasema wazi kwamba Mwenye Taa hawezi kugusa chochote cha dunia hii. Ukurasa wa 17 anafunga mlango. Hapo hatari yote ya kitabu inakufa, hata ya nyuma, maana mwenye kufunga mlango angeweza pia kuirudisha karatasi mezani tangu ukurasa wa 14 na kutuokolea muda.

Sheria ya kusikika nayo imevunjwa, na hii ni ya ufundi mtupu. Kiputo cha mviringo chenye mkia uliochongoka kina maana moja: sauti imetoka mdomoni na waliomo chumbani wameisikia. Sauti ya ndani hupewa kisanduku kisicho na mkia, au kiputo chenye ukingo wa mawimbi, au mkia unaoishia kwenye kichwa cha yule anayewaza. Vile viputo vya zamani vya mawingu na vitufe vimepungua katika katuni za Marekani tangu miaka ya 1980 na visanduku vimechukua nafasi yao, lakini mantiki ni ile ile. Hapa Mwenye Taa anapiga kelele kwa kiputo cha mviringo, mkia uliochongoka, herufi nzito, mwalimu akiwa amesimama hatua mbili nyuma. Msomaji anabaki kujiuliza kwa nini mwalimu hageuki.

Makala ikasifu eti rangi zinawatofautisha waongozi: visanduku vyekundu vya huyu, vya kijani vya yule. Katika watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, takribani mwanamume mmoja kati ya 12 ana tatizo la kutenganisha nyekundu na kijani. Dawa yake ni nyepesi: geuza ukurasa uwe wa kijivu mtupu kwenye kompyuta uutazame. Kama visanduku viwili vimefanana, rangi haitoshi. Badili pia ukingo, umbo la kisanduku au mwandiko. Halafu zile herufi nyeupe juu ya rangi iliyochanganywa kwa wino nne! Kila wino una bamba lake la kuchapia; bamba moja likisogea sehemu ndogo ya milimita, na husogea, wino unaingia ndani ya herufi na "a" inazibika. Maneno ya katuni yachapwe kwa wino mweusi peke yake juu ya rangi hafifu, yakae angalau nusu sentimita ndani ya mstari wa kukatia, na rangi ya nyuma ivuke mstari huo kwa milimita 3.

Nikiwa hapo hapo: makala yenu iliwataja mwandishi na mchoraji, mara tatu kila mmoja. Aliyeweka herufi hakutajwa, wala jalada la kitabu halimtaji. Ndiye aliyeletewa maneno 268 aambiwe ayapenyeze kwenye fremu tano zilizokwisha kuchorwa bila nafasi ya juu, na ndiye atakayelaumiwa kwa viputo vinavyofunika nyuso. Ninyi wahakiki mnahesabu mafunzo ("kitabu kina mafunzo saba") kama anayehesabu mbuzi wanaoingia zizini, wala hamtazami kurasa zilivyopangwa. Mngetazama mngeona kosa kubwa kuliko yote niliyotaja, nalo halina neno hata moja ndani yake.

Ukurasa wa 14 ni wa kushoto. Wa 15 uko kulia, kando yake. Kijana anasimama na karatasi mkononi mwishoni mwa ukurasa wa 14, tunatakiwa tushike pumzi, lakini jicho lilishaona tangu tulipofunua kwamba juu ya ukurasa wa 15 anairudisha mezani. Uamuzi lazima ukae mwisho wa ukurasa wenye namba witiri, upande wa kulia, ili mkono wa msomaji ufunue ndipo matokeo yaonekane. Kule kufunua ndiko mahali pekee katika kitabu kizima ambapo msomaji anaamua pamoja na kijana. Nafasi hiyo wameitupa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa watakaotengeneza toleo la pili ni huu. Ng'oeni ukurasa wa 6, ule ambao waongozi wanajitambulisha kwa majina na vyeo, hakuna atakayeulilia. Hapo wa 14 unakuwa wa 13, kulia, na wa 15 unakuwa wa 14, nyuma yake. Kitabu ni cha kurasa 24 kilichopigwa pini katikati, kila karatasi inatoa kurasa nne, kwa hiyo hamwezi kubaki na 23. Ukurasa uliobaki uwekeni kuwa wa 15: kijana anatembea kwenda nyumbani, hana mwongozi hata mmoja, wala kiputo. Kabla ya kuchapa, chukueni karatasi za kubandika, mfunike visanduku vyote vya waongozi kwenye ukurasa wa uamuzi, muwape vijana watatu wasiohusiana na mwandishi wautazame. Wakishindwa kueleza kijana anashindana na nini, mchoraji achore upya mkono na macho. Wakiweza, nusu ya visanduku hivyo visirudi.

Lile pendekezo lenu la kuweka maswali ya majadiliano nyuma ya kitabu silipingi kabisa. Wekeni swali moja tu: "Je, uliusoma ukurasa wa 14 wote?" Na chini yake visanduku viwili vya kuweka alama, vyote viwili viandikwe "Hapana".

Msomaji wenu