Mama, chumba cha ufukweni tusikijenge tena

Nijmegen, Uholanzi
14 Julai 2024

Shikamoo Mama,

Nisalimie ba'mdogo, wadogo zangu na majirani wote wa hapo Kibirizi, Kigoma. Mimi mzima, kazi ya kutunza wazee inaendelea. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu, tukifika kwenye habari ya saruji, tunaishia kununiana. Mwambie kitindamimba akusomee polepole, asiruke.

Picha za chumba chetu cha ufukweni nimeziona. Maji yako dirishani, choo kimezama, na tulipokuwa tunaanika dagaa sasa watu wanafunga mitumbwi. Choo ndicho kilichoninyima usingizi kuliko hata ukuta, maana ni maji hayo hayo wanayoogelea watoto na mnayochota kwa ndoo. Chemsheni, Mama, hata kama mkaa umepanda bei.

Ba'mdogo anasema maji yatarudi, tujenge pale pale ila tuinue msingi. Kurudi yatarudi, lakini lini? Ziwa letu la Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, Kongo, nao hautoi mengi. Sehemu kubwa huondoka na jua, kama maji ya sufuria iliyosahaulika jikoni. Huku mito ya Malagarasi na Rusizi inamimina, na mvua nayo. Tangu zile mvua kubwa za mwishoni mwa 2019 ziwa limekuwa likipanda, na masika ya mwaka huu yakaongeza. Kushuka kwake ni kwa miaka, wala si kwa kiangazi kimoja.

Tena tuambiane ukweli: pale ziwa lilituazima. Nilipokuwa mdogo wakubwa walilalamika kwamba linakauka, nasi tukaufuata mchanga hatua kwa hatua hadi marehemu baba akaweka tofali. Unakumbuka bibi alivyotupeleka Ujiji, penye mnara wa Livingstone na Stanley? Walipokutana pale 1871 maji yalikuwa karibu. Sisi kuufikia ufuko tulitembea hadi nikaomba kubebwa. Wakati ule wa Livingstone, Lukuga ilikuwa imezibwa na matope na magugu. Ilipozibuka, mnamo 1878 hivi, ziwa likashuka kama mita 10. Kwa hiyo limewahi kukaa juu kuliko hapo lilipo leo.

Hapa nilipo mto Waal unapita mjini. Mwaka 1995 ulijaa, watu zaidi ya 200,000 wakahamishwa maeneo ya mito kwa hofu ya kingo kupasuka. Unajua walifanya nini baadaye? Upande wa Lent, ng'ambo ya mto, waliurudisha ukingo nyuma mita 350, wakauchimbia mto njia ya pili. Nyumba kama 50 zikabomolewa ili maji yapate pa kupita. Kuna bibi ninayemwogesha asubuhi, nyumba yake ilikuwa ng'ambo ile. Fidia alilipwa, lakini ukiwataja wale wahandisi anageukia ukutani, siku hiyo chai hanywi. Kwa hiyo Mama, ninachokuomba nakijua uzito wake, na wewe fidia huna. Una mimi.

Fedha ya saruji ninayo. Naitoa kwa kile kiwanja chetu cha kule juu Gungu, kwa Kibirizi sitoi. Hata sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Mkimaliza kupaka rangi, anaweza kuja mtu na kopo la rangi nyekundu akawachorea X ya kubomolewa.

Biashara haifi. Ufukweni tuweke banda la mabanzi na vichanja vya dagaa, vitu ambavyo maji yakija tunavibeba mabegani. Usiku wa giza wavuvi wakiingia ziwani, wewe alfajiri unashuka kuwapokea. Mbalamwezi ikiwaka nao wakipumzika, unalala juu kwako bila kusikiliza mawimbi. Nauli ya bodaboda ni juu yangu, na hili ba'mdogo asilitafutie hesabu nyingine.

Na yeye mwambie aache kukata miti ile ya mlimani. Udongo wake unaishia ziwani na kufukia mawe wanakozaliana samaki, kisha anakuja kulalamika kwamba nyavu nyepesi.

Mama, ule mchikichi wa baba haukuonekana kwenye picha. Bado umesimama? Nijibu hilo kwanza, ya kiwanja yafuate.

Mwanao